Jembe la Heru na Ustaarabu wa Kale: Tarehe ya Kilimo cha Mlimani

Mvua inyeshayo juu ya vilima vya Heru Juu, katika nchi ya Waha iliyo kaskazini mashariki ya Kigoma, huteremka kwa vijito hata mto Malagarasi, ikamwagika katika Ziwa Tanganyika, na kutoka huko ikafuata Lukuga hadi mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Lakini mvua iyo hiyo ikinyesha mwendo wa siku chache kwa miguu upande wa kaskazini, ng'ambo ya mpaka wa Burundi, maji yake hushika mkondo wa Ruvubu, yakaingia Kagera, yakapita Ziwa Viktoria, na mwisho wa safari yake yakanywesha mashamba ya Misri. Waha na mafirauni, kwa hesabu hiyo, walikunywa kutoka paa moja, wawili hawa wakiwa pande mbili za kipaa. Huku ng'ambo ya mto Naili karani alikaa na kalamu yake akiandika kina cha mafuriko, na huku Heru mkulima alitazama wingu, akashika jembe, akapanda ulezi.

Nimeanza na maji kwa sababu waandikao tarehe ya ukulima huanza nayo, na aghalabu huishia hapo hapo, kana kwamba penye mfereji ndipo penye ustaarabu na pasipo mfereji ni pori tupu. Kipimo hicho hakiwafai watu wa Heru. Wao hawakuchimba mifereji kwa kuwa mbingu iliwaondolea haja hiyo, na maadamu hawakuhitaji mfereji hawakuhitaji bwana wa mfereji. Na jambo hilo moja, ukilifuata tangu zama za kale hadi mwaka 1972, huifungua sehemu kubwa ya historia ya milima hii, tangu Kasulu hadi Kibondo.

Maji yaliyotaka amri

Katika nchi ya Iraki, baina ya Dijla na Furati, mvua ni haba, na mito yenyewe hufurika wakati usiofaa, nafaka ikaribiapo kuvunwa. Wasumeri, zaidi ya miaka 5000 iliyopita, walilazimika kuyafunga maji, kuyahifadhi na kuyagawa kwa zamu, kazi ambayo mtu na mkewe hawaiwezi, ikataka mji, hekalu, msimamizi na vibao vya udongo vya kuandikia hesabu. Walipata mavuno makubwa, walakini maji yaliyosimama juani yaliiacha chumvi yake katika udongo. Mwaka 1958 wataalamu Thorkild Jacobsen na Robert Adams walionyesha kwamba ngano, ambayo kiasi cha mwaka 3500 kabla ya Masihi ilikuwa karibu sawa na shayiri katika mashamba ya kusini, ilizidi kupungua hata ilipofika kiasi cha mwaka 1700 ilikuwa imetoweka, kwani shayiri huvumilia chumvi na ngano haiivumilii. Wako wanaobishana nao juu ya ukubwa wa maafa hayo, lakini hakuna akanaye kwamba chumvi ilikuwako.

Misri ilisalimika na balaa hilo kwa tabia ya mto wake. Naili ulifurika wakati wa kiangazi cha kaskazini, ukaleta tope jeusi kutoka milima ya Uhabeshi, wakulima wakayazuia maji katika mabirika makubwa ya ardhi yaliyozungushiwa kingo, yakakaa kiasi cha siku arobaini au zaidi, kisha wakayaachilia yaende zake na chumvi yake, nao wakatupa mbegu juu ya tope lililolainika. Ng'ombe walivuta plau nyepesi. Serikali ilisimika vipimo vya kina cha mto, na kwa kina hicho ikajua mapema mavuno yatakuwaje na kodi itakuwa kiasi gani. Utaona kwamba Firauni hakuhitaji kwenda shambani ili amjue mkulima wake. Alitazama alama jiweni ikamtosha. Na hapa sina budi kusahihisha kidogo majivuno yetu sisi watu wa maziwa makuu: maji ya kudumu ya Naili yanatoka kwetu, lakini lile tope lililoilisha Misri lilitoka hasa Uhabeshi.

Uchina ilikwenda njia ya tatu. Kaskazini walilima mawele katika udongo mwepesi uletwao na upepo, na kusini wakalima mpunga katika majaruba, wakiatika miche kitaluni kisha wakiihamisha mmoja mmoja, kazi ya mikono mingi isiyo na mwisho. Kiasi cha mwaka 256 kabla ya Masihi liwali mmoja wa jimbo la Sichuan, Li Bing jina lake, aliugawa mto Min kwa kingo na mifereji mahali paitwapo Dujiangyan, na kazi yake inanywesha mashamba mpaka leo. Katika nchi zote tatu, maji yalikuja na mwenye amri juu yake.

Milima isiyo na ng'ombe

Bara la Amerika lilikuwa na habari nyingine. Katika milima ya Peru na Bolivia hapakuwapo ng'ombe wala farasi, na lama, ambaye hubeba mzigo mwepesi, hakutiwa nira. Kwa hiyo mkulima alilima kwa mti mrefu wenye ncha, akiukanyagia ardhini kwa mguu, mwenzake akigeuza bonge la udongo kwa mkono. Kwa chombo hicho walijenga ngazi za mawe ubavuni mwa milima, na karibu na ziwa Titicaca wakainua matuta makubwa yaliyozungukwa na maji, ambayo maji yake, yakipata joto mchana, yaliilinda mimea na baridi ya usiku. Viazi walivianika katika jalidi, asubuhi wakavikanyaga kuvikamua maji, vikawa chakula cha kuwekwa ghalani miaka mingi. Dola ya Wainka, iliyokuja mwishoni mwa ustaarabu huo katika karne ya 15, ilizipanua ngazi hizo na kuyajaza maghala, ila elimu yenyewe ilikuwa ya wanavijiji tangu kale.

Mexico walipanda mahindi, maharage na maboga katika tuta moja: muhindi ukawa mti wa kupandia haragwe, haragwe likarudishia udongo nguvu, na boga likatandaza majani yake kuzuia jua na magugu. Nimelikawilia tuta hili makusudi, kwani litatukuta tena Kasulu.

Heru kabla ya mahindi

Nchi ya Buha imeinuka, sehemu kubwa yake ikiwa zaidi ya mita 1200 juu ya bahari, na mvua yake, ianzayo Oktoba au Novemba na kukoma Mei, katika miaka mingi haipungui milimita 1000. Watu waliojua kufua chuma na kufinyanga vyungu vya namna iitwayo Urewe walikuwa tayari wakilima katika nchi za jirani, Buhaya, Rwanda na Burundi, yapata miaka 500 kabla ya Masihi. Na kusini kidogo, kwenye chemchemi za Uvinza, wachimbaji wa athari za kale wamekuta dalili za kupika chumvi tangu karne ya 5 au ya 6. Chumvi ya Uvinza na majembe ya chuma vilikwenda sokoni pamoja, tena katika pande nyingi za magharibi ya Tanganyika jembe lilikuwa mali ya kuolea kabla ya fedha kujulikana.

Mazao ya kale ya mlima huu yalikuwa ya Afrika yenyewe: mtama, ambao asili yake ni nyika za Sudani, ulezi wa nyanda za juu za Uhabeshi na Uganda, na kunde. Ulezi ndio uliokuwa benki ya Mha. Punje yake ni ndogo mno hata wadudu hawaioni faida, na ukihifadhiwa vema hukaa ghalani miaka kadhaa bila kuoza; nyumba yenye ulezi ilikuwa na unga, ilikuwa na pombe, na kwa hiyo ilikuwa na wasaidizi wa kulima, kwa maana watu huja kwenye kazi ya shirika wakijua mtungi uko wapi. Ambacho Peru walikipata kwa kukanyaga viazi katika jalidi, Heru walikipata kwa kuchagua mbegu.

Nani, basi, aliyeamua juu ya ardhi? Kabla ya wafalme, na hata chini yao, alikuwako mteko. Huyu hakuwa mwenye jeshi wala mkusanya kodi. Alikuwa mtu wa ukoo ulioaminiwa kuwa na mapatano na ibisigo, yaani mizimu ya mahali, ya kilima fulani, ya chemchemi fulani, na kwa ajili ya mapatano hayo yeye ndiye aliyempa mgeni sehemu ya kulima, aliyeamua magomvi ya mipaka na aliyeiombea mbegu heri. Mamlaka yake yaliishia mwisho wa kilima chake. Ukimlinganisha na karani wa Misri utaona tofauti iliyo wazi: karani aliijua nchi nzima kwa namba bila ya kujua shamba lolote, na mteko alilijua kila shamba bila ya kuwa na nchi. Mimi siwezi kusema yupi alikuwa mwenye hekima zaidi, ila najua yupi angetambua mapema kwamba udongo wa kilima umechoka.

Juu ya wateko zikaja nasaba za kifalme za Kitutsi, zikashika Heru, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu na falme nyingine, na mfalme akaitwa Mwami. Wafalme hawa hawakuwanyang'anya wateko kazi yao. Walitawala zaidi kwa ng'ombe. Katika desturi ya ubugabire mwenye ng'ombe alimkabidhi mtu ng'ombe, naye aliyepewa akawa chini ya himaya yake na deni la utumishi. Akapata maziwa, na lililo kubwa zaidi kwa mkulima, akapata samadi.

Samadi hiyo ilikwenda migombani. Mgomba ni mgeni wa zamani, uliotoka Asia ya kusini mashariki ukavuka Bahari ya Hindi, na katika nchi za maziwa makuu umekaa muda mrefu hata wenyewe wanauona kuwa wa kwao. Boma la Mha lilikuwa juu ya kilima au ubavuni mwake, limezungukwa na migomba iliyokula majivu, maganda, takataka na samadi za nyumba hiyo hiyo. Mbali kidogo yakafuata mashamba ya mtama na ulezi, yakipumzishwa yanapochoka. Na chini kabisa, bondeni, palipobaki na unyevu wakati wa kiangazi, bustani za kuwavusha watu hadi mvua nyingine. Rutuba ilitoka pembeni ikaja nyumbani, mwaka baada ya mwaka, hata udongo wa boma la zamani ukawa mweusi kuliko wa jirani.

Swali linaloulizwa ni kwa nini watu waliokuwa na ng'ombe hawakuwatia nira. Wahabeshi walilima kwa plau tangu kale, na plau ikakoma huko huko. Jawabu hawalipati watafutao upungufu wa akili. Kilima kikali hakitaki plau, kwani mfuo ushukao mlima ni mlango wa mmomonyoko. Tuta lililochanganywa mbegu tatu au nne halipitiwi na plau. Mabondeni kwenye misitu ya miombo ndorobo huua ng'ombe. Na ng'ombe mwenyewe alikuwa mkataba baina ya watu wawili, si mnyama wa kuchoshwa shambani. Palipotakiwa ujenzi mkubwa, Afrika ya Mashariki iliujenga: Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, pana mabaki ya mifereji na vitalu vya mawe vilivyolimwa baina ya karne ya 15 na ya 18, Wachaga waliyashusha maji ya Kilimanjaro kwa mifereji yao, Wamatengo wakachimba ngoro katika miteremko ya Mbinga. Heru hawakujenga kwa sababu Heru ilinyesha.

Wageni wa shambani, karne ya 16 hadi ya 19

Wareno walipounganisha bahari mbili, mazao ya Amerika yalianza kuingia Afrika kwa pande zote, kwa pwani ya Kongo na kwa pwani yetu ya Uswahilini, yakasafiri bara kwa mikono ya watu ambao tarehe haikuandika majina yao. Mahindi, maharage, viazi vitamu, mihogo, na maboga yakaipanda milima ya Buha. Hakuna Mwami aliyetoa amri yapandwe. Mwanamke alipewa konzi ya mbegu na shemeji yake wa bonde la pili, akaijaribu pembeni mwa migomba, mwaka uliofuata akampa mwingine. Hivyo ndivyo mbegu zinavyosafiri penye mashamba madogo na kauli ya kila nyumba. Tuta la Mexico likajikuta Heru, muhindi na haragwe lake, likilimwa kwa jembe la Afrika chini ya mgomba wa Asia. Mabara matatu yalikutana katika shamba la hatua hamsini, na aliyeyakutanisha hakulipwa mshahara wala kusimikwa sanamu.

Amerika ilileta na hasara. Funza waliingia Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, wakavuka bara kwa njia za misafara, na katika miaka ya 1890 walikuwa wamefika Ziwa Tanganyika, wakiwalemaza watu miguu wakati wa kulima.

Wafalme wa Buha wakati huo walijulikana kwa wasafiri kwa jambo jingine. Henry Morton Stanley, alipopita Novemba 1871 akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, alitozwa hongo za nguo mara baada ya mara hata akaamua kuwakwepa Waha usiku kwa njia ya porini. Njia kuu, basi, ilikuwa na bwana. Shamba lilibaki na mwenyewe.

Miaka ya kuvunjika, 1890 hadi 1963

Sotoka iliingia katika miaka ya mwanzo ya 1890 ikafagia ng'ombe wa Afrika ya Mashariki. Kwa Heru pigo hilo lilikuwa la namna mbili, maana ng'ombe walipokufa samadi ilikatika, na mikataba iliyowaunganisha watu ikabaki maneno matupu. Mahali palipokuwa malisho pakaota kichaka, na ndorobo akafuata kichaka. Wajerumani wakaja na kodi, reli ikafika Kigoma mwaka 1914, vita ikaleta Wabelgiji waliokaa katika nchi hii tangu 1916 hadi 1921, kisha Waingereza wakaichukua. Buha haikupewa zao la fedha la maana. Ilipewa kodi, na mwanamume asiye na cha kuuza aliuza mikono yake. Maelfu ya Waha walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kwa ajili ya namba walizopewa, wakarudi baada ya miaka au wasirudi.

Hesabu ya jambo hili haikuandikwa katika vitabu vya mashamba ya mkonge. Kulima ulezi ni kazi nzito: kufyeka, kuchoma, kupalilia majani yanayofanana na ulezi wenyewe. Mume alipokuwa Tanga, mke aliyebaki alipanda muhogo, unaosubiri ardhini, usiotaka ghala na usioogopa nzige, na serikali ikafurahi ikaupigia debe. Ghala la ulezi likaanza kuwa tupu. Wengine husema ni uvivu, nami nasema ni mikono iliyokwisha kuuzwa.

Kichaka kilizidi kusogea, na malale yakaja nacho. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wa sehemu za Kibondo na Kasulu kutoka mabonde yao, ikawakusanya katika makazi maalumu yaliyofyekwa ili kuwatenga na ndorobo. Maisha mengi yaliokolewa, na kusema kinyume itakuwa dhuluma; lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa mkulima wa mlima huu kuambiwa na ofisi mahali pa kukaa, na mteko wa kilima kilichohamwa hakuhama na kilima chake. Nchi iliyoachwa ikarudi porini, na ndorobo akaipata yote.

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa jadi Heru ilikuwa chini ya mwanamke, Mwami Theresa Ntare, jambo lililoshangaza wengi Tanganyika. Mwaka 1963 Jamhuri changa iliondoa madaraka ya machifu, na kiti cha Heru kikabaki katika kumbukumbu.

Amri ya mwaka 1972

Lengo la serikali ya Mwalimu Nyerere lilikuwa jema na lilisemwa wazi: watu wakae pamoja wapate shule, zahanati na maji, mambo ambayo maboma yaliyotawanyika vilimani yasingeyapata kwa urahisi. Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuhamishwa kwa kishindo; mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwatelemsha Waha kutoka vilimani mwao ikawapanga katika vijiji, aghalabu kando ya barabara, kabla ya nchi nzima kufuata.

Shule zilijengwa na watoto wakasoma. Kilichobaki mlimani ni ule udongo mweusi wa boma, uliokusanywa kwa samadi na majivu ya vizazi vingi, na ile migomba ambayo haichukuliwi begani. Mgomba mpya hutaka mwaka na zaidi uzae. Udongo mweusi hutaka umri wa mtu. Kijijini nyumba zilipangwa kwa mstari, shamba likawa mbali, samadi isibebeke, na ardhi iliyo karibu ikalimwa kila mwaka bila kupumzishwa. Mpimaji wa viwanja aliona Buha kama karani wa Misri alivyoiona Misri, kwa mistari na hesabu. Lakini Misri ilikuwa na Naili wa kuirudishia tope lake kila mwaka, na Heru haikuwa na mto wa namna hiyo. Mto wa Heru ulikuwa boma lenyewe.

Baadaye baadhi ya watu walirudi polepole kulima kwenye mahame yao, wakiyatambua kwa rangi ya udongo na vichipukizi vya migomba iliyosahauliwa. Mahindi na maharage leo ndiyo mazao makubwa ya Kasulu, muhogo unafuata, kahawa iko upande wa Manyovu, na ulezi unalimwa na wachache.

Msomaji uliye na mzee wako Heru Juu, au Kibondo, au Buhigwe, mwombe akupeleke kwenye hame la babu yake, akuonyeshe mahali zizi lilipokuwa na mpaka uliokatwa na mteko, nawe uyaandike majina ya vilima hivyo pamoja na ibisigo vyake. Vibao vya udongo vya Iraki vipo makumbusho, na majina hayo ya kwetu yako katika vichwa vya watu waliokwisha kuwa wakongwe.